Nimesamehewa kodi kwa ajili ya ulemavu. Mbona bima ya afya hainisamehi?

#1 MwanaKisauni (Mombasa)
Salamu wakuu. Naomba mnieleweshe jambo ambalo idara ya mishahara ofisini imeshindwa kunieleza. Au imeeleza, na mimi ndiye sikuelewa.

Nina mguu mmoja wa kuzaliwa nao na mmoja wa kununua. Nina kadi ya Baraza la Taifa la Watu wenye Ulemavu (NCPWD) na cheti cha mamlaka ya kodi (KRA) cha kusamehewa kodi ya mapato. Mshahara wangu ni 48,000 kabla ya makato. Kwenye hati ya mshahara, mstari wa PAYE, kodi ya mshahara, una sifuri, alhamdulillahi. Ukishuka mistari miwili unamkuta SHA, bima mpya ya afya ya serikali, na 1,320 yake kila mwezi. Enzi za NHIF, bima ya zamani, nilikuwa nakatwa 1,100. Sasa mimi ni vipi? Kwenye kodi naonekana mlemavu, kwenye bima naonekana mzima?

Na kinachoniudhi zaidi, mara ya mwisho bima kunifaa ni mke alipojifungua. Soksi za kigutu, soketi (kikombe cha mguu wa bandia) iliyopasuka, nauli ya kwenda kupimwa mguu upya, yote yametoka mfukoni. Kuna cheti cha msamaha wa SHA au hakuna?

#2 MzeeWaMakato
Hakuna.

Jibu refu ni hili. Msamaha wako unatokana na agizo la 2010 lililotolewa chini ya Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2003. Linagusa kodi ya mapato peke yake, tena shilingi 150,000 za kwanza kwa mwezi. SHA si kodi, ni mchango. Asilimia 2.75 ya mshahara ghafi, isipungue 300, na juu haina dari. Ushuru wa nyumba wa 1.5 nao hausamehewi, wala NSSF ya pensheni. Nimeandaa mishahara miaka kumi na moja, na kila mwaka lazima aje mtu mezani na cheti chake akidhani ni pasi ya kupitia mageti yote.

#3 BintiPangani (Tanga)
Samahani, NHIF imekufa lini? Mimi wiki iliyopita nimetibiwa kwa NHIF!

#4 MzeeWaMakato
@BintiPangani tulia dada, ya kwenu Tanzania ipo. Tumezika ya kwetu Kenya, Oktoba 2024. Majina ndiyo yamefanana. Marehemu wetu alizaliwa 1966, wa kwenu ni kijana tu.

#5 BintiPangani
Umenitoa jasho bure asubuhi hii 😂

#6 KakaHesabu
Mleta uzi, una hoja kuliko unavyojua, ila hujaipeleka mpaka mwisho.

Tangu mwishoni mwa Desemba 2024, mchango wa SHA unatolewa kwanza kwenye mshahara, halafu ndipo PAYE inapigwa kwenye kinachobaki. Chukua mwenzako wa meza ya pili asiye na ulemavu, naye 48,000. Yuko kwenye ngazi ya kodi ya 30%. Kwa hiyo ile 1,320 inampunguzia kodi kama 396. Kwa kweli SHA inamgharimu 924. Wewe hulipi PAYE, basi hakuna kodi ya kupunguzwa. Inakugharimu 1,320 kamili.

Yaani kwa bima ileile, mwenye ulemavu ndiye anayeilipia zaidi. Sidhani kama kuna mtu aliketi akakusudia hivyo. Ni sheria mbili zimekutana gizani zikagongana vichwa.

#7 Tingatinga
Hapo @KakaHesabu unamdanganya mwenzio. Huyo wa meza ya pili amepata nafuu ya 396 kwenye kodi ambayo mleta uzi HALIPI KABISA. Piga PAYE ya 48,000 uone.

#8 KakaHesabu
Nimepiga. Ukitoa NSSF, SHA na nyumba, na nafuu ya 2,400, inabaki PAYE ya kama 5,300. Sawa, ameokoa hiyo. Sijakataa.

#9 Tingatinga
Basi mtu anaokoa 5,300 anakuja kulilia 396. Mwambie atununulie mahamri na mbaazi tuyamalize.

#10 MwanaKisauni
@Tingatinga karibu Kisauni, mahamri yapo. Lakini njoo na boda, kisha nikuonyeshe hesabu yangu upande wa pili. Matatu mimi siwezi kuzidandia zikiwa zinatembea, na hapa hazisimami, zinapunguza mwendo tu. Nusu ya mwezi napanda tuktuk peke yangu. Kile kigutu kikivimba kwa joto la Machi, mguu hauingii, nakaa nyumbani siku mbili, nazo zinahesabiwa likizo. Hiyo 5,300 unayoiona imeokolewa haijawahi kufika tarehe 15.

#11 Tingatinga
Umenishika. Naondoa kauli, nabakiza mahamri.

#12 UstadhWaKadi
Mimi nitasema lisilopendwa. Sioni kwa nini tusamehewe bima. Nina ulemavu wa macho, ni mwalimu, na nimekaa kwenye vikao vingi ambako mtu akitaka kukunyamazisha anakuambia "nyinyi mnapewa bure". Nikichangia 2.75 yangu kama wengine, nikifika dirishani nadai huduma kwa sauti. Siku wakitusamehe mchango, watatuwekea dirisha letu, na dirisha letu mnajua litakuwaje. Litafunguliwa Jumanne na Alhamisi.

Bima ni harambee ya wagonjwa na wazima. Aliye na mshahara achange. Sheria yenyewe inasema serikali itawalipia wasiojiweza, na sisi wenye mshahara hatumo humo.

#13 MamaZeituni
Ustadh, wewe una mshahara wa mwalimu na unatumia fimbo nyeupe moja miaka mitatu. Mwanangu ana miaka 26, yuko kwenye kiti cha magurudumu, anafanya kazi ya simu ofisini. Anahitaji mipira ya mkojo kila siku ya Mungu, na dawa za vidonda vya kukalia. Hiyo ndiyo inayomfikisha kazini. Asipokuwa nayo hakuna kazi, na bila kazi hakuna hiyo 2.75 yenu. Halafu unaniambia achange kama wengine? Wengine wanakojoa bure.

#14 UstadhWaKadi
Nimekusikia mama, wala sibishi juu ya mipira. Nasema idaiwe kwamba bima iilipie, badala ya kudai tutoke kwenye bima. Hayo ni madai mawili.

#15 MamaZeituni
Hapo tumekaribiana.

#16 NyukiWaNjombe
Wakenya mna makelele lakini mna data. Ngoja niwape ya upande huu, labda itawasaidia kuona mnapoibiwa.

Kwetu Tanzania Bara mtumishi wa umma anakatwa 3% ya mshahara wa msingi, mwajiri anaongeza 3% nyingine. Jumla 6%. Kadi inabeba mwanachama, mwenza na wategemezi wanne. Ninyi 2.75 inaonekana ndogo, ila ni ya mshahara ghafi, posho zote ndani, na nikisoma vizuri mwajiri wenu haongezi hata senti. Sasa mnamlaumu SHA peke yake wakati bosi amekaa pembeni anakunywa chai.

#17 MzeeWaMakato
@NyukiWaNjombe umesoma vizuri. NSSF mwajiri analingana nawe, nyumba analingana nawe, SHA anakata tu na kupeleka.

#18 Kobe_Mzee
Hilo la mwajiri ndilo kiini, mengine ni povu. Sheria mpya ya watu wenye ulemavu ya 2025 inataka wapewe 5% ya ajira. Mwajiri akipiga hesabu anaona njia ya kiti cha magurudumu, choo, ruhusa za kliniki. Anaona hasara. Kama serikali ingesema kwa kila mwenye ulemavu unayemwajiri nitakulipia SHA yake, mngeona foleni za kuwatafuta. Msamaha wapewe waajiri.

#19 Tingatinga
Bosi wangu akipewa msamaha ataajiri shemeji yake na kumvalisha magongo.

#20 BintiPangani
😂😂 Bosi wangu pia

Ila turudi. Bongo tuna ya kwetu ya 2010, mwajiri mwenye watu ishirini na zaidi awe na 3% wenye ulemavu. Mimi nasikia kwa shida, ni mwalimu wa msingi. NHIF yangu inanitibu malaria, inamtibu mume, inamtibu mama mzazi. Sina kinyongo nayo. Lakini shime sikio (kifaa cha kusikilizia) langu la kwanza lilitoka kwa wafadhili nikiwa mwanafunzi, na betri nanunua mwenyewe hadi leo. Betri zikiisha katikati ya kipindi, watoto wanajua kabla yangu. Wanaanza kunong'ona wakicheka, kisha wanajibu swali ambalo sijauliza.

Mshahara unapokatwa sitaki kusamehewa. Nataka mtu akiandika orodha ya dawa aandike na betri.

#21 Soketi_na_Skrubu
Nimesoma kimya tangu #1, naona kila mtu anavuta kamba yake. Mimi natengeneza miguu ya bandia, nimesomea Moshi pale TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia. Niwaambie ilivyo mezani kwangu.

Bima zimejengwa kwa kufuata ugonjwa. Una malaria, unapewa dawa, umepona, faili linafungwa. Mguu wa bandia hauna kupona. Kigutu kinasinyaa, hasa miaka ya mwanzo, soketi inalegea, inabadilishwa. Mtu anayekaa nyumbani mguu wake unakaa muda mrefu. Anayefanya kazi, anayepanda ngazi kila siku, anauchakaza. Kwa hiyo anayefanya kazi ndiye anayegharimu zaidi kwenye vifaa, na ndiye ambaye kila mfadhili anamwambia "wewe una mshahara, jinunulie". @MwanaKisauni hapo ndipo ulipokwama wewe, sio kwenye 396.

Na tafadhali usizibe ufa wa soketi kwa supagluu. Najua mmoja wenu anafanya.

#22 MwanaKisauni
Umejuaje?

#23 Soketi_na_Skrubu
Wote mnafanya.

#24 Rochester_Kwetu
Habari za nyumbani. Mimi mtoto wa Tanga, niko jimbo la New York mwaka wa kumi na nne, nimekaa kwenye kiti tangu ajali. Napenda kusikia watu wakilalamika kwamba bima inawakata, kwa sababu huku tulilia kinyume.

Huku kuna Medicaid, bima ya serikali ya wenye kipato kidogo. Mwenye ulemavu anaipata pamoja na posho ya SSI. Ila ukiwa kwenye SSI hutakiwi kuwa na akiba ya zaidi ya dola 2,000, na kiwango hicho hakijasogezwa tangu 1989. Sasa mimi nikapata kazi ya kupanga rafu, saa 24 kwa wiki. Mama mmoja kanisani akaniambia usikubali, ukizidisha mshahara utapoteza bima, na bila bima nani atamlipa anayekuja kukutoa kitandani asubuhi? Nikakataa kazi miezi minane. Miezi minane! Kwa kuogopa mshahara.

Baadaye ndiyo nikajua kuna mpango unaoitwa Medicaid Buy-In, wa wenye ulemavu wanaofanya kazi, umri miaka 16 hadi 64. Msingi wake ni sheria za 1997 na 1999, ila kila jimbo linapanga lake. Hapa New York mwisho wa kipato ni 250% ya kiwango cha umaskini, na akiba unaruhusiwa kuwa nayo zaidi ya ile ya SSI. Uzuri ni hesabu yao. Wanatoa dola 20, wanatoa 65, kinachobaki wanagawa nusu. Mshahara wa 1,085 unahesabiwa 500. Yaani serikali imekubali kwamba mwenye ulemavu akipata shilingi, nusu yake ina kazi nyingine.

#25 KakaHesabu
@Rochester_Kwetu asante sana, hiyo nusu ndiyo ninayoisema! 2.75 ingekuwa ya nusu ya mshahara, mleta uzi angelipa 660, na ule uonevu wa kodi ungezimika wenyewe.

#26 UstadhWaKadi
Na ukifikisha 65 huko Marekani ulemavu unaisha?

#27 Rochester_Kwetu
😅 Mpango ndio unaisha, mguu unabaki palepale. Unahamia kanuni nyingine, ngumu zaidi. Na kuna majimbo hayana mpango huu kabisa. Usidhani nimekuja kuwatangazia pepo.

#28 Tingatinga
Tulidhani umekuja kututumia viza.

#29 CherehaniKongowea
Nyote mna hati za mshahara, mnagombania senti. Na sisi? Mimi ni fundi cherehani, polio miguu yote miwili, mashine yangu nimeifungia mkono wa kuzungushia. SHA mimi silipi kwa mwezi. Niliulizwa maswali kwenye simu, paa la nini, maji ya wapi, choo cha nani. Kompyuta yao ikaamua kipato changu. Nyumba yenyewe ni ya urithi, ina bati na saruji, basi nikaonekana tajiri. Natakiwa kulipa mwaka mzima. Hata kile cha chini kabisa, 300 mara kumi na mbili ni 3,600 kwa mkupuo. Ile paa haishoni suruali.

#30 MzeeWaMakato
Kweli tumekusahau. Kuna ule utaratibu wa Lipa SHA Pole Pole, unakopeshwa unalipa kidogo kidogo. Na unaweza kuomba kipimo kirudiwe.

#31 CherehaniKongowea
Kukopa ili nilipe bima. Haya.

#32 Kobe_Mzee
Marehemu baba alifanya kazi Bombolulu, pale kwenye karakana za watu wenye ulemavu zilizoanza 1969. Alikuwa fundi wa ngozi. Hawakuwa na hati ya SHA wala nini, lakini skrubu ya chuma cha mguu ikilegea, mwenzake alimkazia wakati wa chai na wakarudi kazini. Hiyo ndiyo bima niliyoiona ikifanya kazi. Siku hizi kukaza skrubu kunataka rufaa.

#33 NyukiWaNjombe
Mzee umenikumbusha. Kuna tofauti nyingine hatujaigusa: aliyepata ulemavu kazini na aliyekuja nao. Rafiki yangu alikatwa vidole vinne na mashine ya mbao. Huku kuna WCF, mfuko wa fidia, ulianza 2015, mchango wote wa mwajiri, mfanyakazi hakatwi. Alitibiwa na kulipwa. Jirani yake aliyezaliwa bila vidole vilevile vinne, hana mlango wa kugonga. Mikono miwili inafanana, sheria zinaitazama tofauti. Ndiyo maana siamini hii ni shida ya bima. Ni shida ya kuuliza "nani alaumiwe" badala ya "nini kinahitajika".

#34 MzeeWaMakato
Kwetu kuna sheria ya fidia ya majeraha ya kazini, WIBA, 2007, mwajiri anawajibika vilevile. Lakini @NyukiWaNjombe mimi bado nasema ni usahaulifu tu. Wanaoandika sheria ya bima ni wengine, wa ulemavu ni wengine, wa kodi ni wengine. Hawajawahi kunywa chai meza moja.

#35 BibiMkaidi
Niulize kidogo. Kwa nini mleta uzi umeandika "mlemavu" kule #1? Ni mtu mwenye ulemavu.

#36 CherehaniKongowea
Dada mimi niite hata kiwete ilimradi suruali uje kuichukua na salio.

#37 BibiMkaidi
Wewe ni hiari yako kujiita. Ofisini wakikuita hivyo ndipo mwanzo wa kukunyima.

#38 UstadhWaKadi
Bibi ana haki. Mleta uzi rekebisha #1.

#39 MwanaKisauni
#1 siigusi, nilijisema mwenyewe. Lakini nimekubali.

Nimerudi na habari. Nimeonana na afisa wa utumishi, nikampelekea hesabu ya @KakaHesabu imeandikwa kwa mkono. Akaisoma mara mbili, akaita mwenzake, wakaisoma. Akasema ni kweli, na hana la kufanya, mfumo wa mishahara hauna kitufe cha hiyo. Akaniuliza kama cheti changu cha KRA kinakaribia kuisha. Nikatazama: kinaisha mwezi ujao. Kwa hiyo nianze upya, daktari wa hospitali ya serikali athibitishe kwamba mguu haujaota.

#40 Soketi_na_Skrubu
Ukiota nijulishe, nibadilishe kazi.

#41 MamaZeituni
Ukienda huko kwa daktari, hapohapo ulizia fomu ya vifaa ya NCPWD, wana mfuko wao wa maendeleo unaotoa visaidizi. Kiti cha kwanza cha mwanangu tulikiomba huko. Ilichukua muda, beba subira na nakala tatu za kitambulisho.

#42 Tingatinga
Nne. Moja watapoteza.

#43 Kobe_Mzee
Lakini yeye ana mshahara, si watamwambia ajinunulie, kama alivyosema fundi #21?

#44 MamaZeituni
Wanangu wote wawili walijaza. Mwenye mshahara ndiye aliyejibiwa kwanza. Sijui waliangalia nini.

#45 KakaHesabu
Hapo sasa hata mimi sielewi tena.

#46 MwanaKisauni
Niko hospitali tangu saa kumi na mbili na nusu. Nambari yangu 84, wanaita 31. Nakala ninazo nne. Dirisha la wenye ulemavu lipo, ghorofa ya kwanza, lifti imeharibika.

#47 UstadhWaKadi
Leo ni Jumanne?

#48 MwanaKisauni
Alhamisi.